Naomba ujuzi: kumpiga picha gorila kwenye zuu, kioo na weusi vinanisumbua kichwa

Studio_Shangani

Habari za muda huu wadau. Mimi ni mpiga picha hapa Mtwara mjini, kazi zangu ni harusi, sendofu, mahafali na pasipoti saizi, wanyama sijawahi kuwapiga picha ukitoa mbuzi wa akika. Sasa mwezi wa 12 Mungu akipenda nakwenda kumtembelea dada yangu anaishi Berlin, kanambia zuu ya pale ina magorila, na mimi hawa viumbe nawahusudu kweli maana sisi Tanzania porini hatuna gorila, tuna sokwe tu wa Gombe na Mahale, na kutoka huku kwetu mpaka Kigoma nayo ni safari ya kukata nchi nzima. Nataka nirudi na picha tatu nne za maana, nizichape kubwa niweke ukutani studio, mtu akiingia asimame kwanza.

Shida ni hivi. Dada kanitumia picha alizopiga na simu, yani gorila ni doa jeusi tu, halafu juu ya hilo doa linaonekana koti lake jekundu, taa za dari na kichwa cha mtoto wa watu. Kwa wale nyani wadogo walio nyuma ya wavu ndo kabisa, wavu umetoka safi unaweza kuhesabu matundu, nyani nyuma yake kawa ukungu.

Ntabeba Canon 80D, lenzi ya 55-250, ya 50 mm f/1.8 na ile 18-55 iliyokuja na kamera. Flashi pia ninayo. Kioo nakikwepaje? Mnyama mweusi tii vile nampimiaje mwanga? Wavu je? Na msinipeleke kwenye kununua lenzi mpya, hela ya korosho yote imeishia kwenye tiketi.

FundiPicha_Lindi

Flashi iache hukohuko Shangani. Zuu nyingi hazitaki wanyama wamulikwe, na hata wangeruhusu, ukiiwasha mbele ya kioo unachopata ni mwanga wako mwenyewe unarudi kwenye lenzi.

Kioo dawa yake ni kukisogelea mpaka mdomo wa lenzi uguse. Taratibu lakini, usikigonge. Dada yako kasimama hatua moja nyuma ndo maana koti na taa na watu vyote vimeingia, mwanga wa upande wenu unapiga kioo unarudi. Ukibandika lenzi pale huo mwanga hauna pa kupenya. Kuna hudi (kofia za mdomo wa lenzi) za mpira, laini, zinajikunja, ukiwa nayo hata ukigeuza kamera kidogo bado imeziba. Kama huna, zungushia kitambaa cheusi au kiganja. Ila usielekeze lenzi kwa mshazari sana, vile vioo ni vinene, ukipiga kwa upande picha inalegea inakuwa kama ina vivuli viwili, we simama sawa na kioo, gorila asipokuwa mbele yako hamia dirisha jingine. Vaa nguo nyeusi au rangi ya giza, na lile koti jekundu dada alivue akiwa karibu yako. Tembea na kitambaa cha kufutia, vioo vya zuu vimejaa vidole na mate ya watoto. Uchafu wa upande wa ndani ndo huna la kufanya nao.

Fokasi usiiachie kamera ichague yenyewe, itashika madoa ya kioo. Weka pointi moja tu, iweke kwenye jicho au kwenye lile fupa la juu ya macho, pale kuna mstari wa mwanga ambao kamera inauona. Ukiiweka kifuani kwenye manyoya meusi lenzi itabaki inakwenda mbele inarudi nyuma, haishiki kitu.

Weusi wake: punguza eksposha (kiasi cha mwanga kwenye picha), zungusha lile gurudumu la nyuma mpaka -1. Kamera ikiona kitu cheusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, gorila anatoka rangi ya majivu.

korosho_kwa_kilo

Mjomba unatoka Mtwara mpaka Ulaya kwenda kuangalia gorila wa kwenye kioo, na hapo Uganda wapo wanatembea wenyewe msituni 😂 Waafrika sisi tuna mambo

Studio_Shangani

@korosho_kwa_kilo mjomba naenda kumuona dada, gorila ni njiani tu 😂 Halafu umeziangalia bei? Rwanda toka 2017 kibali cha mgeni ni dola 1,500 kwa saa moja ya kukaa nao. Najua Uganda na Rwanda wana bei ya chini kwa sisi Afrika Mashariki, ila weka na nauli toka huku kusini mpaka Bwindi, malazi, na kupanda mlima. Halafu ni gorila tofauti pia, Bwindi na Virunga ni wale wa milimani wenye manyoya marefu, hao hawapo kwenye zuu yoyote. Wa zuu karibu wote ni wa nyanda za chini za magharibi, wale wa kwao Gabon, Kongo, Kameruni huko.

Mzee_wa_Filamu

Kijana wa Shangani, nipo Masasi, nimepiga picha toka enzi za filamu ya kuoshwa Dar unasubiri wiki mbili. Fundi wa Lindi kazungumza vizuri kwenye kioo ila kwenye mwanga kakupa nusu, na hiyo nusu ukiibeba peke yake utalia.

Wewe ni mtu wa harusi, basi fikiri kiharusi. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi, umemsogelea kajaa kwenye fremu yote, kamera inafanyaje? Inaongeza mwanga, suti inakuwa kijivu. Hapo kweli unapunguza. Sasa bwana harusi huyohuyo kasimama pembeni ya bibi harusi mwenye shela jeupe, nyuma yao ni bahari ya Mtwara saa sita mchana. Kamera inauona ule weupe, inapunguza yenyewe, bwana harusi anapotea, yanabaki meno. Ukija wewe na -1 yako juu yake umemzika. Hapo unaongeza, +1 au na zaidi, na weupe wa nyuma uache uungue.

Gorila ni hivyohivyo. Kabla hujagusa gurudumu angalia nyuma yake kuna nini na yeye kachukua eneo gani la fremu. Kakaa kwenye gogo, nyuma ni ukuta mweupe au dirisha la anga, ongeza. Uso umejaa fremu nzima, punguza. Hizo picha za dada yako naweza kusema bila kuziona, simu imepima zile taa za dari.

Na kama hutaki kubahatisha weka kamera kwenye manyuo (M), unapanga mwanga mwenyewe. Sisi zamani tulikuwa tunapima kwenye majani mabichi yaliyo kwenye mwanga uleule anaokaa mnyama, majani yana weusi wa wastani, kamera inayasoma vizuri. Ukishapata namba zako unaziacha hapohapo, gorila akisogea mbele ya kitu cheupe au cheusi wewe hujali, mwanga unaomwangukia ni uleule. Ubadilishe tu akihama kwenda kivulini.

FundiPicha_Lindi

Shikamoo mzee. Mi nilizungumzia akijaa fremu, ila umenyoosha, sawa.

Naongezea tu, hata ukipunguza usizidishe. Wengi wanasema piga giza halafu utavuta kwenye kuediti, kwa harusi ya nje sawa, ila ndani ya banda la gorila utakuwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1600 mpaka 3200, na kwenye 80D ukivuta weusi wa ISO 3200 kwa stopu mbili manyoya yote yanakuwa chengachenga za kijani na zambarau. Kwa hio piga RAW (faili ghafi, sio JPEG), -0.3 mpaka -0.7 inatosha kwa uso uliojaa fremu, halafu chungulia histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye skrini), ule mlima wa kushoto usijibanze ukutani kabisa.

Shata (kasi ya kupiga): akiwa amekaa anatafuna 1/250 ya sekunde inatosha, akitembea 1/500 kwenda juu. Ukiwa 250 mm usishuke chini ya 1/250 kizembe, stabilaiza ya lenzi inatuliza mkono wako tu, mnyama akigeuka ghafla haimtulizi. Hiyo 50 yako f/1.8 usiidharau, kwenye kioo gorila huwa anakuja kukaa karibu kabisa, hapo 55-250 ni ndefu mno na ni nzito kwa mwanga. Ikifungwa f/2.2 hivi macho yote mawili yakawa usawa mmoja utafurahi mwenyewe.

Na kama taa za ndani zinacheza (picha moja ya njano, ya pili ina giza) 80D ina kitu kinaitwa anti-flicker kwenye menyu, iwashe.

Bi_Mikindani

Mimi sio mpiga picha ila nimekaa Uholanzi miaka kadhaa na nawapenda hawa wanyama, nataka kukumbusha kitu ambacho wanaume wa kamera mmekiruka, nacho ni TABIA. Gorila hapendi kukodolewa macho. Kumtazama moja kwa moja usoni bila kupepesa kwake ni kumtaka ugomvi, na kumchekea ukaonyesha meno pia sio salamu. Mwaka 2007 kwenye zuu ya Rotterdam dume moja linaitwa Bokito liliruka mfereji wa maji likatoka nje likamjeruhi vibaya mwanamke ambaye alikuwa anakwenda kulitembelea mara kwa mara, anasimama anamtazama na kutabasamu, yeye akiamini wameshakuwa marafiki. Baada ya pale ziligawiwa miwani za makaratasi zimechorwa macho yanayotazama pembeni, ili mtu aangalie gorila bila gorila kuhisi anaangaliwa. Watu walicheka ila hoja ilikuwepo.

Sasa wewe kaka yangu na mlenzi wako huo mkubwa wa duara uliobandikwa kwenye kioo, hebu fikiria unaonekanaje kwa yule dume. Usimwekee uso kwa uso ukang'ang'ania. Kaa chini, jikunje, geuza mwili kidogo, kamera iwe tayari ila wewe angalia pembeni, mpaka akuzoee. Atakuja kukuangalia mwenyewe kwa sekunde moja mbili, ndo picha yako hiyo. Usigonge kioo, usipige mluzi, usijipige kifua. Na kwa taarifa gorila hajipigi kwa ngumi, anajipiga kwa viganja vilivyokunjwa kidogo ndo maana sauti inakwenda mbali, ukipata hiyo picha vidole vionekane vizuri.

Usipige sura tu. Piga mikono! Kucha zao na mistari ya vidole ni kama yetu, unaweza kukaa unaiangalia. Na pua. Mikunjo ya juu ya pua kila gorila ana yake, watafiti wa porini wanawatambua mmoja mmoja kwa hiyo.

Halafu Berlin kuna sehemu mbili, kuna Zoo na kuna Tierpark, we nenda ile ya Zoo. Pale kuna bibi mmoja anaitwa Fatou, kafika Berlin mwaka 1959, na Aprili 2024 walimfanyia sherehe ya kutimiza miaka 67, ndo anayetambuliwa kuwa gorila mzee kuliko wote duniani. Ukimkuta mpe heshima yake, uso wa mtu mzima una mambo mengi kuliko wa kijana.

Naona raha pia jinsi hawa wa ughaibuni wanavyopewa majina ya kwetu. Dume lililomlinda mtoto aliyeanguka bandani kule kisiwa cha Jersey mwaka 1986 lilikuwa linaitwa Jambo, na jike lililombeba mtoto wa miaka mitatu Brookfield, Marekani, 1996 anaitwa Binti Jua. Utadhani wa Mchinga.

korosho_kwa_kilo

Binti Jua 😂😂 huyo mkwe kabisa

Mmwera_wa_Rondo

Watani wa Mtwara mnahangaika na Berlin wakati walimu wa bure mnao hapahapa. Mdau kabla hujaondoka njoo kwetu Rondo ukajifunze kwa mbega. Mbega ni mweusi mwili mzima halafu ana manyoya meupe marefu mabegani na usoni, ukimwangalia juani ni mtihani mkubwa kuliko gorila, ukipima kwa weusi ule weupe unaungua unakuwa karatasi, ukipima kwa weupe mwili unakuwa tundu. Mimi nikiwapiga nalinda weupe kwanza, weusi nauvuta baadae kidogo. Ukimuweza mbega juu ya mti, anga nyuma yake, gorila wa bandani utamsindikiza tu. Tumbili nao wana uso mweusi na manyoya ya kijivu, na msimu huu wa mabibo hawahitaji kutafutwa, wanakuja wenyewe kwenye mikorosho, tena hapo unajifunza kufuata mnyama anayeruka maana tumbili hakai.

Za wavu sijaona mtu kajibu. Wavu unaupoteza hivi: lenzi ndefu, zumu mpaka mwisho 250, apecha, yani tundu la lenzi, fungua yote (yako itakuwa f/5.6), lenzi iwe karibu na wavu kadri utakavyoruhusiwa, na subiri mnyama awe mbali na wavu. Hivyo vitu vikikutana nyaya zinayeyuka. Mnyama akiwa ameng'ang'ania wavu wenyewe acha, usipoteze chaji. Na angalia jua linapiga wapi, wavu unaomulikwa na jua hata ukiyeyuka unaacha weupeweupe kama moshi picha nzima, tafuta kipande chenye kivuli au ukizibe jua kwa kofia. Na usivuke ule uzio wa mbele eti upate karibu, nyani ana mkono mrefu kuliko unavyodhani na kamba ya kamera anaipenda.

Huku Rondo pia tuna mtu wetu ambaye hamumjui, komba mdogo, kapewa jina la hapahapa Rondo, uzito wake gramu 60 tu hivi, mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Ameshawekwa zaidi ya mara moja kwenye orodha ya aina 25 za jamii ya nyani zilizo hatarini zaidi duniani, na misitu anayoishi ni michache tu ya pwani ya Tanzania, Rondo, Litipo, Pugu na kadhaa mingine. Ni wa usiku, ukitaka kumuona nenda na mwenyeji na ruhusa ya msitu, tumia tochi ya mwanga mwekundu, flashi usimpige nayo, yale macho yametengenezwa kwa giza. Picha nzuri za huyu ni chache mno duniani, za gorila wa zuu zimejaa kila simu. Mimi ningekuwa na kamera yako ningewekeza hapo, ila haya ni maoni yangu.

Na ukifika Berlin usirudi bila kumsalimia mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria! Wajerumani walimchimba hapa Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa na wazee wetu kichwani mpaka bandarini, sasa amesimama kwenye jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe, kimo zaidi ya mita 13. Hapo ndo ile 18-55 yako itafanya kazi, weka 18 urudi nyuma mpaka ukutani. Mwambie tunamsubiri.

Mzee_wa_Filamu

Hapo kwenye mjusi umenigusa Mmwera. Aipige hiyo picha na kibao chake cha maelezo kisomeke.

Studio_Shangani

Aisee asanteni sana, sikutegemea darasa la hivi. Shikamoo mzee, shikamoo na wewe Bi Mikindani. Jumapili hii naingia mashambani kwa tumbili na 250, na Rondo nitaomba namba ya mwenyeji kwa ujumbe wa pembeni.

Mawili ya mwisho. Dada anasema mwezi wa 12 nje kuna baridi kali halafu ndani ya mabanda kuna joto na unyevu, lenzi haitoshika ukungu? Na la pili, nikizichapa kwenye kalenda za studio nikauza kuna shida?

FundiPicha_Lindi

Itashika, na sana. Ni kama vile ukitoka na kamera kwenye gari lenye AC ukashuka nje hapo Mtwara mwezi wa pili, kioo cheupe. Kule utatoka kwenye baridi unaingia kwenye joto, sawasawa. Kabla hujaingia bandani ifunge kamera kwenye mfuko wa nailoni uliobana, ukae nayo ndani dakika 20, 30, ipate joto ikiwa imefungwa, ukungu ushike nailoni usishike lenzi. Usibadilishe lenzi kipindi hicho na usifutefute kwa fulana. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili, baridi inazilegeza, unaona imebaki robo kumbe haijaisha.

Muda pia uangalie, Desemba kule linachomoza kwenye saa mbili na kitu asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, kwa hio mwanga wa juu ya paa unaupata saa tano mpaka saa nane. Mawingu yasikukatishe tamaa, mnyama mweusi chini ya mawingu anapendeza kuliko juani.

Kalenda usikurupuke. Zuu nyingi picha za kwako binafsi hawana neno, za kuuza au matangazo wanataka uombe kibali kwanza. Waandikie imeili kabla hujasafiri, dada akusaidie Kijerumani. Wakikataa, ya ukutani studio weka kama pambo, na kalenda itengeneze ya tumbili wa kwenye mikorosho.

Mmwera_wa_Rondo

Na mbega. Namba ya mwenyeji nimekutumia pembeni, mpigie jioni, mchana mtandao huku hakuna.